Mafia iko bara: jibu kwa mwalimu aliyepangiwa kisiwani

Swali limetoka kwa mwalimu mpya, mwenyeji wa Morogoro. Anaandika: «Nimepata ajira ya ualimu na kituo changu ni Halmashauri ya Wilaya ya Mafia. Sijawahi kuvuka bahari. Nyumbani wananiambia nakwenda Zanzibar, na mjomba ameniuliza kama nitahitaji kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nimetazama ramani nikaona visiwa vingi vimetapakaa. Mafia ni Zanzibar au ni bara? Wilaya ni kile kisiwa kikubwa tu au ni vyote? Na nikifika, bosi wangu ni nani: mkuu wa wilaya, mkurugenzi, au watu wa hifadhi ya bahari?»

Hongera, mwalimu. Mjomba mwambie atulie: huendi Zanzibar. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkoa uleule wenye Bagamoyo, Kibaha, Kibiti, Kisarawe, Mkuranga na Rufiji. Utalipwa na kusimamiwa kama mwalimu wa Kisarawe, utafundisha kwa mtaala uleule wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na kitambulisho chako cha Taifa kinatosha. Sheha, yule kiongozi wa mtaa au kijiji wa Zanzibar, hutamkuta huko, wala eneo lake, shehia. Utakuta mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji kama ulivyowazoea kwenu.

Hata hivyo, wenzako hawajazua tu. Mafia iliwahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na ukiijua habari hiyo hutababaishwa tena na mtu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kugawana pwani yetu, walikubaliana kwamba Sultani ni mwenye Unguja, Pemba, Lamu na Mafia, pamoja na ukanda mwembamba wa pwani ya bara. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Julai 1890, mataifa hayohayo yalitia saini mkataba mwingine. Humo Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani aiachie Ujerumani moja kwa moja sehemu yake ya pwani ya bara, na kisiwa cha Mafia kikatajwa kwa jina. Sultani alilipwa fidia ya marki milioni nne. Tangu hapo Mafia ikaenda njia moja na Bagamoyo, Kilwa na Lindi, na Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Waingereza.

Waingereza waliteka Mafia kutoka kwa Wajerumani mwezi Januari 1915. Walikuwa na haja nayo hasa: manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye vijito vya delta ya Rufiji, na delta hiyo inatazamana na Mafia uso kwa uso. Ndege zilizoruka kutoka kisiwani ndizo zilizoelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikafikia mwisho wake. Baada ya vita Mafia haikurudishwa Zanzibar. Ilibaki Tanganyika, ikapata uhuru nayo tarehe 9 Desemba 1961, na Mapinduzi ya Januari 1964 na Muungano wa Aprili mwaka huohuo vilipokuja, Mafia ilikuwa upande wa Tanganyika.

Kwa hiyo mtu akikwambia «lakini Sultani alitawala Mafia», mjibu kwamba Lamu nayo aliitawala, na leo Lamu ni Kenya. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaeleza eneo la Zanzibar kuwa ni Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo vinavyozizunguka na bahari yake, ambavyo kabla ya Muungano vilikuwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Mafia haimo katika maelezo hayo. Hilo ndilo la kumwonyesha mjomba.

Sasa tuje kwenye ramani. Wilaya ni vyote, kisiwa kikubwa na visiwa vidogo vyake. Kisiwa kikubwa ndicho watu wanachokiita Mafia. Kina urefu wa kilomita 50 hivi, kimelala kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, na ni tambarare. Ukizoea Uluguru itakuchukua muda kuzoea nchi isiyo na mlima hata mmoja wa kukuonyesha upande uliko. Kilindoni, makao makuu ya wilaya, iko upande wa magharibi, unaotazama bara. Kaskazini kabisa ni Bweni na Ras Mkumbi penye mnara wa taa. Kusini-mashariki ni Utende, na kutoka Utende unatazama ghuba ya Chole. Ndani na pembeni ya ghuba hiyo ndiko kuna Chole, Juani na Jibondo. Bwejuu iko upande wa kusini-magharibi, karibu zaidi na delta. Kisha kuna visiwa vidogo vingine, kama Nyororo, Shungumbili na Mbarakuni, ambavyo utawasikia wavuvi wakivitaja kuliko utakavyovikuta kwenye vitabu vya jiografia.

Angalia usichanganye. Songosongo, kile kisiwa cha gesi asilia kilicho kusini zaidi, ni cha Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Koma na Kwale, kaskazini-magharibi, ni vya Mkuranga. Delta ya Rufiji unayoiona ng'ambo siku hizi iko Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji. Bahari inayoonekana moja, kiutawala imegawanyika kati ya wilaya hizo zote, na mvuvi anayetoka asubuhi na kurudi jioni huenda amepita kwenye mbili bila kuona alama yoyote ya mpaka.

Nitakaa kidogo kwenye maji, maana bila kuyaelewa maji utaona mambo mengi ya wilaya hii kama kero zisizo na sababu.

Mkondo kati ya Mafia na bara ni mfupi wa kina, na upana wake karibu na delta ni kilomita 20 hivi tu. Mto Rufiji unamwaga humo tope na rutuba ya sehemu kubwa ya kusini mwa nchi. Ndiyo maana maji ya Kilindoni ni ya kijivujivu na yamejaa vijidudu vidogo vya baharini, na ndiyo maana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiyemdhuru mtu, huja kujilisha karibu kabisa na mji huo, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi. Nenda ng'ambo ya pili, upande wa mashariki, mambo yamegeuka: sakafu ya bahari inaporomoka ghafla kwenda kilindini, maji ni maangavu, matumbawe yanastawi, na mawimbi ya bahari kuu yanapiga moja kwa moja. Fukwe za mashariki mwa Juani ndiko kasa wanakopanda kutaga.

Ardhi nayo inafuata mgawanyo huo. Magharibi na katikati ni mchanga wenye kushika maji ya chini, na huko ndiko ilikotanda minazi iliyoipa Mafia jina lake katika biashara ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa, tangu enzi za Waarabu wa Oman. Mashariki na kwenye visiwa vidogo ni mwamba wa matumbawe, wenye udongo haba. Jibondo ndiyo mfano mkali kuliko yote. Ni mwamba mtupu usio na maji baridi ya kutegemea, na kwa vizazi wakazi wake wamekinga mvua au kuvusha maji kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Ni watu wa bahari hasa, mabaharia na wavuvi hodari. Ukipangiwa shule ya huko, jambo la kwanza kumuuliza mwalimu mkuu liwe chombo cha kuhifadhia maji, kabla hujauliza nyumba.

Hata makao makuu yenyewe yalihamishwa na maji. Zamani mji ulikuwa kisiwani Chole. Watu walisema Chole Mjini kwa kisiwa kile kidogo, na Chole Shamba kwa kisiwa kikubwa chenye minazi, yaani kile tunachokiita leo Mafia. Wajerumani nao walikaa Chole, na magofu ya majengo ya enzi hizo bado yapo, mizizi ya miti imeyakumbatia. Lakini ghuba ya Chole haikuzifaa meli kubwa, na mwaka 1913 ofisi zikahamishiwa Kilindoni, jina linalosomeka waziwazi kuwa ni penye kilindi. Kabla ya Chole, miji mikubwa ilikuwa Kisimani upande wa magharibi na Kua kisiwani Juani. Kua ilivunjwa na Wasakalava waliovuka kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kila mara mji ulipohama, kituo cha utawala kilihama nao. Ukipata wikendi, nenda Kua na wanafunzi wako. Sijaona darasa la historia linalolipita lile.

Kuhusu utawala, swali lako la bosi ni zuri kuliko unavyodhani, maana watumishi wengi hukaa miaka bila kulipatia jibu.

Pale Kilindoni kuna mikono miwili ya serikali. Wa kwanza ni Serikali Kuu. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais, anaiwakilisha Serikali wilayani na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama. Msaidizi wake mkuu ni Katibu Tawala wa Wilaya, na chini yake wako maafisa tarafa. Mafia ina tarafa mbili, Kaskazini na Kusini. Mkono wa pili ni Halmashauri ya Wilaya, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Hiyo ina madiwani waliochaguliwa, mmoja kwa kila kata, pamoja na wa viti maalumu, na mwenyekiti wanayemchagua wenyewe miongoni mwao. Mkurugenzi Mtendaji ndiye mkuu wa watumishi wake wote.

Wewe uko mkono wa pili. Utaripoti kwa Mkurugenzi, na kila siku utashughulika na mwalimu mkuu wako, afisa elimu kata na afisa elimu wa wilaya wa ngazi yako, msingi au sekondari. Mambo ya kupandishwa cheo, kuthibitishwa kazini na nidhamu yana chombo chake, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Mkuu wa Wilaya hakuandikii barua ya uhamisho wala hakupangii vipindi. Lakini akiitisha kikao kuhusu utoro wa wanafunzi msimu wa uvuvi, unakwenda, na unakwenda na takwimu.

Kata ni nane: Baleni, Jibondo, Kanga, Kiegeani, Kilindoni, Kirongwe, Miburani na Ndagoni. Chini ya kata kuna vijiji, na chini ya vijiji vitongoji. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na kwa sheria unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Usiuchukulie kama shughuli ya wazee tu. Choo cha shule, uji wa wanafunzi, eneo la kiwanja cha michezo, yote hayo yanapitia hapo, na mwalimu mgeni anayehudhuria na kuwaamkia watu ipasavyo hupata mambo ambayo barua kumi hazitampa. Jimbo la uchaguzi ni moja, Mafia, na mbunge mmoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilaya nzima. Ile ya 2022 ikakuta wamepita 66,000. Ni wilaya ndogo, na udogo huo una faida yake: mkurugenzi utakutana naye sokoni.

Makao makuu ya mkoa ni Kibaha, na hapa ndipo mstari wa utawala na mstari wa safari unapoachana. Mtumishi wa Kisarawe au Mkuranga anayeitwa mkoani hulala kwake usiku uleule. Wa Mafia inabidi avuke bahari hadi Nyamisati, apande gari kupitia Kibiti na Mkuranga, aingie Dar es Salaam, autoke tena upande wa pili, ndipo afike Kibaha. Au apande ndege ndogo hadi Dar es Salaam. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka hospitali ya wilaya iliyopo Kilindoni kwenda hospitali ya mkoa Tumbi anakabiliwa na njia hiyohiyo. Nimefanya kazi ya mipango katika halmashauri za pwani kwa miaka mingi na hili ndilo linaloniuma zaidi: majedwali ya bajeti yana safu ya kilomita za barabara, lakini hayana safu ya saa za kungoja maji yajae. Kisiwa kinahesabiwa kama nchi kavu, kisha watu wanashangaa kwa nini saruji, vitabu na dawa huchelewa. Ndani ya kisiwa chenyewe mambo yametengemaa zaidi: barabara ya Kilindoni hadi Utende, kilomita 15 hivi, ina lami, na uwanja wa ndege nao una lami.

Nyamisati iko ndani ya vijito vya delta, katikati ya mikoko, na vyombo huingia na kutoka kwa kufuata maji. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu binafsi. Jifunze mapema maneno mawili: bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo. Ratiba uliyoambiwa jana inaweza isiwe ya kesho, na nahodha hana kosa. Pepo nazo zijue. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi. Kusi huingia baada ya hapo, hukaa hadi karibu Septemba, na ndiyo yenye mawimbi makali, hasa Juni na Julai. Kati yake ni maleleji, bahari hutulia, na huo ndio wakati mzuri wa mtu asiyewahi kuvuka. Kama una hiari ya siku ya kuripoti, usivuke kwa mara ya kwanza katikati ya kusi. Na mamlaka ya hali ya hewa ikitoa tahadhari, usimsikilize mtu yeyote anayekwambia «tutapita tu». Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024 kilifika Mafia yenyewe, mahali ambapo watu wengi waliamini vimbunga havifiki.

Limebaki swali lako la hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilitangazwa mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, na ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini. Ina kilomita za mraba 822, sehemu kubwa ikiwa maji, na inachukua kusini na mashariki ya wilaya, pamoja na ghuba ya Chole na visiwa vyake. Iko chini ya wizara inayohusika na uvuvi, wala si chini ya Halmashauri. Lakini haikuhamisha watu. Vijiji vimo ndani yake, na hapo ndipo mamlaka mbili zinapokanyaga mahali pamoja. Mtoto wa Jibondo shule yake ni ya Halmashauri na ardhi yake ni ya kijiji, lakini maji anayovua baba yake yana kanda: zipo ambazo uvuvi umekatazwa kabisa, zipo za uvuvi wa masharti, zipo za matumizi ya kawaida. Nje ya hifadhi, usimamizi wa mwalo, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na kushusha samaki, ni wa kijiji kupitia vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za uvuvi, BMU, chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003.

Jibu langu basi: watu wa hifadhi si mabosi wako. Ila ukifundisha ndani ya vijiji vya hifadhi, usiingie darasani ukawaambia watoto kwamba baba zao ni waharibifu. Migogoro ya juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, na ya maeneo yaliyofungwa imeleta machungu makubwa miaka ya nyuma, na kila nyumba ina upande wake. Kemea uvuvi wa baruti bila kusita, maana hiyo inaua bahari yenyewe. Mengine waache wazungumze, usikilize. Utasikia pia neno dago, kambi ya wavuvi wanaohamia kisiwa kingine kwa wiki au miezi. Wavuvi wa Rufiji, Kilwa na hata Unguja huja kupiga dago Mafia, na wa Mafia huenda kwao. Mwanafunzi wa kiume wa darasa la sita asipoonekana wiki mbili, kabla ya kuandika «mtoro», muulize mama yake kama ameenda dago na mjomba. Ukishajua yuko kisiwa gani, mtendaji wa kijiji anaweza kumtumia ujumbe kwa chombo kinachofuata.

Na kuhusu jina: halihusiani na wahalifu wa Italia. Wareno waliandika Monfia kwenye ramani zao karne nyingi kabla magazeti ya dunia hayajaanza kuwataja wahalifu hao. Wenyeji watakuhakikishia kwamba linatokana na mahali pa afya. Wanaisimu hawakubaliani nao, lakini wewe ukiambiwa, itikia.

Ukifika gatini Kilindoni, ofisi za Halmashauri si mbali, mtu yeyote atakuelekeza. Beba barua ya ajira, vyeti halisi na nakala zake, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na uushike mwenyewe mkononi. Mizigo mingine mkabidhi baharia.